Tovuti za Taasisi Zetu: Je, Ujumbe Unafika?



Nimetakiwa nizungumzie namna ya kupima iwapo tovuti ya taasisi inasema na watu wake au inajisemea yenyewe. Sisi tuliosoma balagha tulifundishwa kwamba ufasaha si wingi wa maneno mazuri, bali ni maneno kulingana na hali ya anayeambiwa. Kwa kipimo hicho, tovuti nyingi za taasisi si fasaha. Ukurasa wa mbele una picha ya mwenyekiti, historia ya kuasisiwa na risala ndefu ya katibu. Mzazi anayetafuta tarehe ya usaili haioni.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2022. Mwezi Juni, Hija ikiwa imebakiza wiki chache tu, Saudi Arabia iliwataka mahujaji wa Ulaya, Marekani na Australia waachane na mawakala waliowazoea, waombe nafasi kupitia tovuti iitwayo Motawif. Waliochaguliwa kwa kura walilipa. Kisha baadhi yao wakaona fedha zimekatwa ilhali ukurasa unasema maombi yameshindikana. Wengine walifika uwanja wa ndege wakaambiwa hawana tiketi. Walipouliza, majibu hayakuja kwa wakati. Naona kosa halikuwa la mitambo peke yake. Wakala aliyeondolewa, pamoja na lawama zake zote, alikuwa mtu wa kuulizwa. Mwaka 2023 mahujaji wa nchi hizo walielekezwa kwenye mfumo mwingine, Nusuk.

Basi tunapimaje? Wapo wanaohesabu idadi ya wageni wa tovuti na kufurahi. Hesabu hiyo haikuambii kama aliyeingia alikipata alichokifuata. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 tu watosha kukufichulia sehemu kubwa ya kasoro. Mpe mtu kazi halisi, mathalani atafute ada ya muhula, ukae kando yake, unyamaze. Huko kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwetu sisi walimu.

Nilijaribu kwa ukurasa nilioandika mwenyewe, nami, Allah anisamehe, nilikuwa nimeupenda sana. Niliwaita wazazi 5, kila mmoja na simu yake. Wanne hawakuiona tarehe ya mwisho ya kuomba ufadhili. Ilikuwa katika aya ya nne, nyuma ya dibaji yangu, na fomu yenyewe ilikuwa faili zito lisilofunguka katika simu zao. Mama mmoja mjane aliniambia kwa adabu, "Ustadhi, mimi nilidhani huu ni ukurasa wa wenyewe." Mwanawe alikosa ufadhili mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa katika kamati iliyoandika kwamba mama huyo hakufuatilia.

Dibaji nimeiondoa. Juu kabisa sasa ipo tarehe, kisha ada, kisha namba ya simu ambayo kuna mtu wa kuipokea. Neno "udahili" nimelibadili kuwa "kujiunga". Na matangazo hatuyaweki tena kama picha tupu, kwa sababu programu inayomsomea asiyeona haina cha kusoma humo. Miongozo ya kimataifa ya wavuti imetaka picha iambatane na maelezo tangu mwaka 1999, nasi tulikuwa hatujui. Jina la mama yule tumelirejesha mbele ya kamati.

Nimekuja na simu mbili za kawaida, zisizo za bei kubwa. Tutakapomaliza swala, kila taasisi yenye tovuti imlete mtu mmoja asiyeifahamu, tukae naye. Katibu wake na aketi karibu, lakini asiseme neno.