Stima Inayokuja na Kutoweka Katika Pikipiki Kuukuu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Mimi si fundi wa pikipiki. Ni mfanya kazi wa reli kama ninyi, na haya nitakayosema nimeyajua kwa kupoteza fedha zangu.

Nina pikipiki kuukuu, BSA C15, namna iliyotengenezwa Uingereza tangu 1958 mpaka 1967. Stima yake ni ya volti 6. Ilianza tabia ya kuzimika ghafula, kisha baada ya dakika chache ikawaka tena kana kwamba haina neno. Nilichelewa zamu mara mbili, nikapewa barua ya onyo. Usiku mmoja ilinizimikia juu ya reli, pale barabara inapokata njia ya gari moshi. Niliisukuma nikitetemeka, maana sisi twajua gari moshi halisimami upesi.

Nikanunua koili mpya. Ikazimika. Nikanunua betri mpya kwa fedha nilizoweka kwa karo ya mtoto. Ikazimika vile vile. Ndipo mwenzangu mmoja akaniuliza, "Ndugu, injini ikifa, taa nazo hufa?" Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimenunua vitu viwili bila kutazama kitu kimoja.

Ndugu zangu, waya wa simu ya reli ukikatika, mtu hapandi kila nguzo. Huuliza stesheni ipi yasikia na ipi haisikii, akajua ubaya uko katikati. Fanyeni hivyo hivyo.

Kwanza, andika katika karatasi ni wakati gani inazimika: ukipata shimo, ukikata kona, injini ikiwa moto, au mvua ikinyesha.

Pili, tazama taa. Zikifa pamoja na injini, ubaya uko mahali pa shirika: betri na vifungo vyake, fyuzi, swichi kubwa, au waya wa kwenda kwenye chuma cha fremu. Taa zikibaki na injini ikafa, tafuta kwenye koili, pointi, kondensa na nyaya zao. Koili inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, hiyo kweli ni mbovu.

Tatu, tengeneza taa ya kupimia: globu ndogo ya volti 6 na nyaya mbili. Mmoja ufunge kwenye chuma kitupu cha injini, wa pili mahali stima inapoingia koili. Simamisha pikipiki, washa injini, kisha tikisa nyaya moja moja na kugeuza usukani kushoto na kulia. Injini ikifa na globu ikazimika, stima haifiki koili. Globu ikibaki inawaka, ubaya uko kwenye koili au mbele yake.

Mimi nilipogeuza usukani kushoto, globu na taa zote zilizimika pamoja. Waya unaopanda kutoka betri mpaka swichi ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, pale shingoni mwa usukani. Kwa nje ulionekana mzima.

Kabla ya kuukata, fungua betri. Katika pikipiki hii upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye fremu, basi huo ndio hufunguliwa kwanza, ili spana ikigusa chuma isilete moto. Nikatia waya mpya, nikauacha ulegee kidogo ili usukani ugeuke pande zote bila kuuvuta. Kusokota waya wa zamani na kuuzungushia utepe ni kujidanganya.

Vifungo vyote pia nilivisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Nusu volti ikipotea kwenye kutu, katika volti 12 ni hasara ndogo. Katika volti 6 ni hasara mara mbili. Na fyuzi ikikatika, msitie karatasi ya sigara mahali pake. Hiyo ni kuchoma pikipiki.

Ubaya wangu wote ulikuwa kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono. Koili ya zamani na betri ya zamani zilikuwa nzima, lakini karo haikurudi.

Taa yangu ya kupimia nimeiacha kwa katibu wa tawi. Mwenye shida aichukue, apime, airudishe. Tupime kwanza, ndipo tununue.