Paulo na Ukristo: Tujadili kwa Elimu, si kwa Makelele



Kila Ramadhan, tukikaa barazani kungoja adhana ya magharibi, maneno haya hayakosi: "Ukristo si wa Nabii Isa (A.S.), ni wa Paulo!" Mimi nilikuwa bingwa wa mada hiyo. Mwaka mmoja nilimbana mtoto wa mama mdogo, Mkristo, aliyekuja kufuturu kwetu. Akaniuliza swali moja tu: "Wewe umesoma barua yake hata moja?" Nikanyamaza. Mamangu, ambaye alisilimu ukubwani, aliinuka akaenda zake jikoni. Mwaka uliofuata ndugu yangu hakuja.

Basi tuyatazame yanayojulikana. Paulo, au Sauli, alikuwa Myahudi wa Tarso, Uturuki ya leo. Hakuwa katika wale wanafunzi 12. Kwanza aliwatesa wafuasi wa Yesu, kisha akasema ametokewa naye. Agano Jipya lina barua 13 zenye jina lake, na wataalamu wengi wanakubali kuwa 7 ni zake hasa. Hizo ziliandikwa kabla ya zile Injili nne. Kwa Wagalatia anaeleza mwenyewe alivyomkabili Petro kule Antiokia juu ya kula pamoja na wasio Wayahudi. Pia alishikilia kuwa watu hao waingie bila kutahiriwa. Kwa hivyo anayesema Paulo aliubadilisha mwelekeo, ana hoja.

Lakini sikizeni upande wa pili. Kwa Wakorintho anasema habari ya kufa na kufufuka aliipokea, kisha akaipitisha. Na alipowaandikia Warumi alikuwa hajafika kwao bado, na waumini walikuwako tayari. Nani aliwafundisha? Na tamko la Nikea lilitolewa mwaka 325, zaidi ya miaka 250 baada ya kufa kwake. Kumbebesha mtu mmoja yote hayo ni vigumu.

Hata wanavyuoni wetu hawakusema kauli moja. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alimshambulia Paulo vikali. Ibn Ishaq naye, katika Sira iliyotufikia kupitia kwa Ibn Hisham, anamtaja kuwa alikwenda Roma pamoja na Petro, na kwamba alikuwa mfuasi, si hawari.

Jamani, itikadi yetu juu ya Nabii Isa (A.S.) imesimama juu ya Qur'ani. Haingoji Paulo apatikane na hatia ndipo isimame. Na Suratun Nahl, aya ya 125, imetufunza namna ya kujadiliana. Ukimshinda mtu kwa kelele ukampoteza nduguyo, umepata nini?

Mimi nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Tukaisoma ile barua ya Wagalatia pamoja, mwanzo hadi mwisho. Hatukukubaliana, wala sikuficha ninachoamini. Lakini Ramadhan iliyofuata alikuja, na mamangu alikaa nasi mkekani mpaka mwisho.

Funga yetu na iwe pia ya ulimi.