Tebo haziingii kichwani kwa bakora



Katika nyumba nyingi za mjini, saa mbili usiku ni saa ya kilio. Mzazi amerudi kazini amechoka, na daftari la mtoto li wazi mezani. "Saba mara nane ni ngapi?" Mtoto anatazama dari. Anajaribu hamsini na nne, kisha arobaini na tisa, kisha nambari yoyote inayomjia mdomoni, maana jicho lake halipo tena kwenye hesabu. Lipo kwenye ukanda.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya tebo za kuzidisha, na juu ya dawa moja ambayo wazazi wengi huidharau. Dawa hiyo ni mchezo.

Kwanza tujiulize, kwa nini bakora hushindwa? Mtoto mwenye hofu hafikiri, bali hubahatisha ili adhabu ipite. Tena hata kuimba darasani peke yake hakutoshi. Wako watoto wanaoimba tebo ya saba tangu mwanzo hadi mwisho bila kukwama, lakini ukiwauliza saba mara sita, hurudi saba mara moja na kupanda ngazi upya. Wameshika wimbo, hesabu hawajaishika.

Wala tusimtupie mwalimu mzigo wote. Ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003, watoto wengi waliokuwa wamefungiwa nje walipata nafasi. Hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akizidisha. Nyumbani mtoto ana msikilizaji wake, ikiwa msikilizaji huyo atakubali kuketi naye mkekani.

Mzigo wenyewe si mkubwa kama unavyoonekana. Tebo ya moja hadi kumi ina majibu 100. Lakini tatu mara nne ni sawa na nne mara tatu, kwa hiyo yanabaki 55. Ondoa tebo za moja, mbili, tano na kumi, ambazo watoto hushika mapema, yanabaki 21. Tebo ya tisa imo vidoleni. Mtoto anyooshe vidole kumi, kisha kwa tisa mara nne akunje kidole cha nne kutoka kushoto. Kushoto kwa kidole hicho vinabaki vitatu, kulia sita. Jibu ni 36. Ukiondoa tisa, mtoto anabakiwa na majibu 15 tu ya kupigania. Akijifunza mawili kwa wiki, wiki nane zinatosha.

Basi tucheze nini? Anza na vizibo vya soda. Mtoto apange safu nne zenye vizibo sita kila moja, kama chupa zilivyo ndani ya kreti. Azihesabu, apate 24. Kisha azunguke upande wa pili aone safu sita za vizibo vinne. Vizibo ni vilevile. Hapo ameona kwa macho yake kwa nini nne mara sita na sita mara nne ni kitu kimoja, na hatasahau upesi. Kama nyumbani mna bao la Kiswahili, mwulize kabla kete haijasogezwa: safu nne zenye mashimo manane ni mashimo mangapi? Ni 32. Na kete 64 zikigawanywa sawa, kila shimo litapata ngapi?

Mchezo wa pili unataka dadu mbili za ludo na daftari la hesabu lenye miraba. Mchezaji arushe dadu. Zikija tatu na tano, achore mstatili wa miraba mitatu kwa mitano, na ndani yake aandike 15. Mwenzake naye arushe na kuchora kwenye ukurasa huohuo. Anayekosa nafasi ya kuchora ameshindwa. Watoto hubishana, hupimana, hukagua majibu ya wenzao, na hakuna aliyewalazimisha. Tena wanajifunza eneo la mstatili kabla mwalimu hajalifikia.

Mchezo wa tatu ni wa karata. Najua wako wazazi wasiotaka karata ndani kwa sababu ya kamari, na nawaheshimu. Basi kateni maboksi, muandike moja hadi kumi, kila nambari mara nne. Funua mbili, na anayetaja jibu sahihi anazichukua. Kwa wale wanaoruka kamba uani, waruke kwa kuhesabu saba, kumi na nne, ishirini na moja, na anayekosea ampishe mwenzake.

Lakini mchezo nao una adabu zake. Usimshindanishe mtoto mzito na ndugu yake mwepesi mbele ya wageni. Hiyo ni bakora nyingine, isipokuwa haiachi alama mwilini. Mwache ashindane na nafsi yake: jana alipata majibu manane, leo je? Akikosea usimcheke, mrudishe kwenye vizibo ahesabu. Robo saa kila jioni inatosha, na mchezo ukome kabla hajauchoka. Wala asidanganyike mtu kwamba mchezo unaondoa haja ya kukariri. Mwisho wa yote saba mara nane iwe 56 papo hapo, bila vidole wala vizibo. Mchezo ni njia ya kumfikisha huko akiwa angali anaipenda hesabu.

Atatokea wa kusema, "Ya nini yote haya, na simu ina kikokotoo?" Jibu lipo. Sehemu, asilimia, maeneo na uwiano vyote vimejengwa juu ya kuzidisha. Asiyejua tebo huchoka na hesabu ndogo kabla hajaifikia kubwa, na ndipo anapoanza kusema kwamba hisabati si yake. Wangapi wameuacha uhandisi, uuguzi au uhasibu kwa sentensi hiyo moja, waliyoianza wakiwa na miaka tisa? Na hata dukani, aliyebonyeza kikokotoo vibaya atajuaje kama hana makadirio kichwani? Atalipa tu.

Ndugu wazazi, twisheni ina gharama. Vizibo vinaokotwa bure, na boksi la sabuni linakatwa kwa mkasi. Kinachotakiwa ni robo saa yako na uvumilivu wako. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, lakini hawakusema mvunje.