Theluji, mbega na uso wako

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja wa Moshi, ambaye pia ni mpiga picha wa ridhaa, mbele ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapisha karibu kama alivyoyasema.

Wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, sina sauti ya mhubiri.

Nimeombwa niwaeleze juu ya picha za mazingira na jinsi ya kuzihariri, au kama mnavyosema nyie, kuziediti. Pale mlangoni mwalimu wenu kaniuliza, “Sista, wewe ni mtu wa hospitali, sindano na picha za mlima wapi na wapi?” Nikamwambia asubiri, tutafika.

Sisi ni kikundi kidogo tu. Yumo fundi baiskeli, walimu wawili, dereva wa daladala, kijana mpagazi anayebebea wageni mizigo mlimani, na mimi. Hakuna anayelipwa hata senti. Jumamosi tunatoka kwenda msitu wa Rau kutafuta mbega, au Materuni kwenye maporomoko, au mashamba ya mpunga ya Mabogini, ambako maji yakitulia unaupata mlima mara mbili, wa juu na wa chini. Jioni tunatumiana picha kwenye WhatsApp na kukosoana bila kuoneana haya. Tangu intaneti ya kasi ilipofikishwa Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, mpagazi wetu anaturushia picha akiwa bado juu huko anatetemeka.

Najua shuleni simu haziruhusiwi, na sikuja kuwatia matatani. Haya ni ya likizo.

Kwanza, muda. Mlima wetu una aibu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko wazi, saa tatu au saa nne umeshajifunika mawingu. Kati ya Desemba na Februari jua liko upande wa kusini, kwa hiyo sisi tulioko Moshi tunaliona likiupiga mlima usoni. Mwezi wa Juni jua limehamia kaskazini, mchana linatokea upande wa mlima na kukupiga wewe machoni. Ndiyo maana picha za Juni zinatoka zimefifia, halafu mtu anailaumu simu.

Pili, na hapa nisikilizeni vizuri. Kamera haijui inachokitazama. Imetengenezwa ikidhani kwamba dunia yote, ukiichanganya pamoja, ni rangi ya kijivu. Ukiielekeza kwenye theluji, inasema, “Hii imezidi mwanga,” inapunguza, na theluji inatoka kama majivu ya jikoni. Dawa yake rahisi: gusa theluji kwenye kioo cha simu, kijialama cha jua kitatokea, kivute juu kidogo. Basi.

Sasa mbega. Mwili mweusi tii, mabega na mkia vina manyoya meupe kama pamba. Ukigusa pale peusi, simu inaongeza mwanga, na yale manyoya meupe yanageuka kuwa doa tupu lisilo na unywele hata mmoja. Doa hilo halirudi, hata ufanyeje. Lakini ukipima pale peupe, mwili utatoka na giza, na giza hilo baadaye unaweza kulifungua ndani ya Snapseed au programu nyingine kwa kuinua sehemu za kivuli peke yake. Fundi baiskeli wetu ana msemo wake: kivuli hurudi, kilichoungua hakirudi. Na kabla ya kugusa chochote, tunza nakala ya picha ya mwanzo. Mimi nimewahi kuipoteza ya tai mmoja kwa kujifanya mjuaji.

Je, kuhariri ni kudanganya? Inategemea. Kamera imeifanya theluji majivu, wewe ukairudishia weupe wake, hapo umesahihisha. Lakini ukiongeza theluji mahali ambapo haikuwepo, huo ni uongo. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Misri kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada, na mpaka leo watu wanalikumbusha.

Na huku kwetu mwongo anakamatwa kirahisi. Ukiwa Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukiwa Amboseli, Kenya, unautazama mlima kutoka kaskazini, kwa hiyo Mawenzi inahamia kushoto. Mtu akikuletea tembo wa Amboseli na Mawenzi iko kulia, muulize vizuri, kuna kitu kimegeuzwa au kimebandikwa. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini jambo hili ni zito. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda huko juu, na Klute akazitumia picha alizopiga kuchora ramani ya barafu. Wataalamu waliolinganisha ramani hiyo na hali ya mwaka 2007 walikuta asilimia 85 ya eneo la barafu limetoweka. Tusingejua hivyo kama mtu angekuwa ameongeza theluji kidogo ili mlima upendeze. Picha yako ya Jumamosi nayo kuna siku mtu ataihitaji.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hasa.

Kuna binti mmoja wa Kidato cha Tatu, si wa shule hii, na jina lake silitaji. Likizo moja alifuatana nasi Mabogini. Mcheshi, jicho lake la picha kali kuliko langu. Nikamwambia asimame nimpige na mlima nyuma yake. Mbingu nyeupe, theluji nyeupe, mtoto mbele. Mmeshajua kamera ilifanya nini. Ilitazama ule mwanga wote ikapunguza, na uso wake ukatoka kivuli kitupu. Nikaituma hivyo hivyo kwenye kundi, maana niliitaka kwa ajili ya mlima. Mtu mmoja akaandika, “Tunaona meno tu, mwenyewe yuko wapi?” Wakafuata wengine na vikaragosi vya kucheka.

Nikaona huruma. Nikaichukua ile picha nikaivuta mwanga. Programu ikanipa na kile kitufe cha kulainisha ngozi, nikabonyeza. Akatoka mweupe, laini kama sahani. Nikaituma. Mioyo ikamiminika, “bomba sana,” “sasa ndiyo umependeza.” Mimi nikalala usingizi mnono, nikijua nimemtetea mtoto wa watu.

Miezi miwili baadaye nilimkuta sokoni kajifunga kanga kichwani mpaka karibu na macho, saa sita mchana. Mashavu mekundu, kwenye vidole vya mikono viungo vimebaki vyeusi na kwingine kumebabuka. Nikamvuta pembeni. Alinijibu neno moja ambalo halijanitoka: “Mama, nilitaka nifanane na ile picha yako.”

Alikuwa anapaka krimu aliyonunua kwa kificho, kopo halina hata maandishi ya maana.

Mimi ni muuguzi. Madhara ya vitu hivyo nayajua kwa kichwa, nimeyasema kliniki mara ngapi sijui. Na ni mimi niliyemwonyesha, kwa kidole changu, kwamba uso wake unahitaji kusahihishwa.

Basi niwaambie na nyie. Krimu na sabuni nyingi za kujichubua zina zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi, au mchanganyiko. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na inaweza kuwadhuru hata wengine mnaoishi nao nyumba moja, watoto wachanga wakiwemo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaleta mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi ambayo ni kazi kweli kuyaondoa. Steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Kidonda kidogo kinagoma kupona. Na ile rangi yako nyeusi ndiyo kinga yako dhidi ya jua, tena jua letu hili. Kama kuna aliyeanza, asiache kimyakimya peke yake akishtuka ngozi ikiwaka. Aende kituo cha afya, na kopo lake mkononi, aseme ukweli. Hatutamcheka. Wavulana, msiangalie dirishani, mnapaka na nyie.

Halafu mjue kwamba kosa la ile picha halikuwa la mtoto. Zamani maabara za picha zilitumia kadi ya Kodak kupima kama rangi zimetoka sawa, ikiitwa kadi ya Shirley, na aliyekuwa kwenye kadi hiyo alikuwa mwanamke Mzungu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekuwa sawa. Wa kwako utajijua. Kati ya waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa walikuwemo watangazaji wa chokoleti na wa samani za mbao, maana kahawia zao zote zilitoka moja. Chokoleti ilisikilizwa! Haya, simu za siku hizi zimeendelea, lakini mbele ya mbingu nyeupe bado zinatukosea.

Kwa hiyo, ukimpiga mwenzako picha na mlima nyuma, gusa uso wake, usiguse mlima. Au mgeuze jua la asubuhi limpige ubavuni. Saa sita mchana msogeze chini ya mti, atazame kule kwenye uwazi, utaona mwanga unavyotembea kwenye shavu jeusi kama kwenye mbao iliyopigwa msasa. Ukihariri, inua kivuli mpaka uone anavyoonekana ukimtazama kwa macho, hapo hapo simama. Vitufe vya kulainisha na kung'arisha viache. Na picha ya mtu usiirushe kwenye kundi kabla mwenyewe hajaiona akakubali. Mimi sikumwuliza, mara zote mbili.

Kijana yule pale ameuliza kwa nini picha zikitumwa WhatsApp zinapoteza ubora. Ni kwa sababu zinabanwa. Itume kama faili, itafika nzima. Lakini faili inaweza kubeba pia mahali ulipopigia, mpaka nyuma ya nyumba yenu. Kwa hiyo kabla ya kupiga, zima kipengele cha mahali kwenye kamera. Kwa mnyama adimu, vilevile. Jangili naye ana simu. Wasichana, nyumbani na hosteli hasa.

Binti yule? Alikwenda kliniki, aliacha. Mabaka ya vidole yapo bado. Kupigwa picha hataki, nami simbembelezi, ila amerudi kwenye kundi na yeye ndiye anayepiga. Mwezi uliopita alituma mbega wa Rau, kila unywele unahesabika, na weusi wake weusi kweli. Hakuna aliyepata cha kukosoa.

Jumamosi ya kwanza ya likizo tutakwenda Mabogini. Mwenye ruhusa ya mzazi, na awe ameandikiwa, tukutane hapa getini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Asiye na simu aje tu, tunaazimana. Njooni na sweta, na viatu visivyoogopa tope.