Mbuzi Anayekonda

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mnyama ambaye hapana mtu wa pwani asiyemjua, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa hahitaji kutazamwa: yaani mbuzi.

Tuseme bibi mmoja wa Sudi, katika pwani ya Lindi, ana mbuzi jike, naye humfunga kamba chini ya mnazi. Amekwisha kuzaa mara mbili, na kwa bei ya watoto wake mjukuu wa bibi amenunuliwa madaftari na sare za shule. Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mbuzi ameanza kukonda. Anakula, walakini hanenepi. Manyoya yamesimama, na akifunguliwa hujikokota. Jirani asema, "Bi mkubwa, hiyo ni husuda, mwite mtu amsomee." Mwingine asema, "Mchinje kabla hajafa, upate nyama."

Kabla ya kushika kisu, na amtazame mbuzi jicho. Auvute ukope wa chini kwa kidole gumba. Ndani yapasa pawe pekundu; pakiwa peupe kama karatasi, damu imepungua mwilini. Mnywaji wake mara nyingi ni mnyoo mwembamba kama uzi, akaaye katika tumbo la nne la mbuzi. Wataalamu wa Afrika Kusini wametengeneza kadi yenye rangi tano ya kulinganishia ukope huo, lakini jicho lililozoea hutosha kuona hatari. Pengine hutokea pia uvimbe laini chini ya taya, kama mfuko wa maji.

Mnyoo huyo hutoka wapi? Mayai yake huanguka pamoja na mavi, huanguliwa, na wadogo wake hupanda juu ya majani yenye umande. Basi mbuzi afungwaye kila siku kwenye mnazi ule ule hula minyoo aliyoitoa mwenyewe. Bibi ahamishe kigingi, angoje umande ukauke, na majani ya miti ayatundike juu, kwa maana mbuzi hupenda kula kichwa kikiwa juu kuliko kuinama. Alale katika banda la kichanja, ili mavi yapite chini. Dawa ya minyoo hupimwa kwa uzito wa mnyama. Msiigawe ili kubakiza ya kesho: minyoo inayopona dawa haba huzaa minyoo isiyosikia dawa.

Atazame na meno. Ya mbele ni manane, nayo yako chini tu; asije mtu akamdai muuzaji fedha yake kwa kuwa mbuzi hana meno ya mbele ya juu! Yakiwa yamekwisha kwa uzee, apewe pumba iliyoloweshwa na majani laini.

Hayo ni maradhi ya polepole. Yako mengine yasiyongoja. Mbuzi akishikwa na homa ghafula, akatokwa na makamasi na machozi mazito, kinywa kikafanya vidonda, kisha akaharisha na kukohoa, mtengeni, mkampashe habari afisa mifugo siku ile ile. Huenda ikawa sotoka ya mbuzi na kondoo. Haimwambukizi binadamu, lakini yaweza kufagia zizi zima. Ilithibitishwa kuwapo Tanzania mwaka wa 2008, upande wa Ngorongoro, mbali sana na Sudi. Ilifikaje kusini? Mwaka wa 2009 walinunuliwa mbuzi katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wakachukuliwa mpaka huko kusini, mwendo wa kilometa 700 hivi. Ugonjwa ukaja nao, ukawaua mbuzi wa wenyeji. Dawa ya kuiponya hapana. Chanjo iko, na sindano moja humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi.

Kwa hiyo yule bibi wa Sudi akiletewa mbuzi wa arusi au wa Idi, asimfunge pamoja na wake. Amweke ng'ambo ya nyumba siku 21, chombo chake cha maji kiwe mbali, na kila asubuhi awahudumie wenyeji kwanza, ndipo aende kwa mgeni. Na ikiwa arusi ni kesho, mgeni achinjwe huko huko alikofungwa.