Chumvi ya Mwili na Kubanwa kwa Misuli
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Shinyanga



Twaleta mbele yenu jambo lililo dogo kwa kulitazama, lakini zito kwa aliyepatwa nalo, nalo ni kubanwa kwa misuli. Hapa Shinyanga wako vijana wa ofisini wachezao mpira jioni. Mmoja akishikwa mguu, wenzake husema, "Amepungukiwa na madini," naye kesho yake huenda kununua vidonge. Huko Geita, mchimbaji aliyeshinda duarani akibanwa mapaja na tumbo, huambiwa anywe maji tu. Neno letu leo ni hili: mashauri hayo mawili yamegeuzwa.

Misuli hukakamaa kwa sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni kupotea kwa chumvi. Mtu afanyaye kazi nzito katika joto aweza kutoka jasho lita moja au zaidi kwa saa, na katika kila lita hupotea kadiri ya gramu 1 ya sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo katika chumvi ya kula. Akinywa maji matupu mengi, hurudisha maji asirudishe chumvi, na misuli hukaza. Mwaka 1923 Bwana K. Neville Moss wa Uingereza aliandika habari za wachimbaji wa makaa ya mawe katika mashimo yenye joto. Waliotoka jasho jingi na kunywa maji matupu walibanwa. Walipotiliwa chumvi kidogo katika maji, walipata nafuu.

Ya pili ni uchovu. Mishipa ya fahamu iuamrishayo msuli kukaza huushinda ule uzuizi wa kuulegeza. Mwaka 2004 Bwana Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika ya Kusini walitangaza matokeo ya kupima damu ya wakimbiaji wa kilometa 56. Waliobanwa hawakuonekana kupungukiwa na maji wala madini kwa kiasi cha kueleza maumivu yao. Basi mchezaji wa saa moja na nusu, aliyekula vema mchana, yaelekea amechoka tu. Dawa yake ni kusimama, kuunyoosha mguu na kuvuta vidole kuelekea goti. Tena aongeze mazoezi kidogo kidogo, asikae ofisini juma zima kisha akakimbia Jumamosi kama swala.

Wala tusidharau madini mengine. Lakini hayo yamo sokoni petu: maharage, karanga, ndizi, viazi vitamu na michembe yake, maziwa, na dagaa waliwao pamoja na mifupa. Mwenye kula hivyo hana haja ya kumaliza mshahara kwa vidonge.

Mchimbaji ndiye wa kuangaliwa. Wazee wa Usukuma waliijua thamani ya chumvi, hata wakaifuata kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi. Akibanwa baada ya saa nyingi za jasho, atolewe apumzike kivulini, apewe chakula chenye chumvi, au lita moja ya maji safi yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, anywe polepole. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aulize mganga kwanza. Lakini akianza kupayapaya, kutapika au kuzimia, huko si kubanwa tena: apozwe kwa maji na apelekwe hospitali mara moja. Na abanwaye mara kwa mara hata usiku akiwa amelala apimwe, asikisie.

Ndugu, baadhi yetu ndio tuandikao mahudhurio na mahitaji ya kazi machimboni. Msuli ukikaza mtu akiwa juu ya ngazi ya shimo, mkono huachia kamba. Basi tunapoandika maji katika orodha, tuandike na chumvi, na kivuli, na saa ya kupumzika. Gharama yake ni senti chache. Kuiacha kwaweza kugharimu uhai wa mtu.