Programu za Huduma za Umma: Mama Akishindwa, Kosa ni la Nani?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wanajumuiya mliosafiri kuja hapa Reading,

Nimeombwa nizungumzie programu za simu ambazo serikali zetu zinatutaka tuzitumie kulipa kodi, kuomba vyeti na kuhakiki pensheni. Naanza na mama yangu mzazi. Mwaka jana ofisi moja ya umma huko nyumbani ilimtaka ajihakiki kwa simu, la sivyo pensheni isimame. Namba ya uthibitisho ilitumwa kwa ujumbe mfupi. Kila akitoka kwenye programu kwenda kuisoma, akirudi anakuta fomu imefutika. Mara nne! Mwisho akaenda kwa kijana wa steshenari, akamlipa, akamwachia na nywila yake. Leo hii pensheni ya mama inalindwa na uaminifu wa kijana wa watu.

Nilipouliza nikajibiwa, "Wazee hawajui teknolojia." Hapo ndipo ninapopinga. Mama huyo huyo anatuma na kupokea pesa kwa simu kila wiki. Iliyoshindwa ni programu.

Na wala tusidhani dawa ni fedha. Marekani, pamoja na utajiri wake, ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013. Siku hiyo ya kwanza watu 6 tu ndio waliofanikiwa kukamilisha usajili.

Kupima hakuhitaji mabilioni. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Unarekebisha, kisha unapima na wengine 5. Na katika mji huu huu wa Reading, mwaka 1986, John Brooke alitunga dodoso la kauli 10 linalotoa alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotumika kulinganishia ni 68.

Lakini kwetu dodoso peke yake litatudanganya. Mwulize mzee, "Umeionaje?" Atakujibu, "Nzuri tu, mwanangu." Hiyo ni adabu, si tathmini. Kwa hiyo tutazame vidole kabla ya kusikiliza sifa. Mpe kazi halisi, mathalani kulipia kodi ya kiwanja. Kaa pembeni, usimwelekeze. Andika: alimaliza? Dakika ngapi? Alikwama wapi? Neno gani hakulielewa? Tena wachaguliwe watumiaji wenyewe, wenye simu za bei nafuu, vioo vilivyopasuka, bando dogo na macho yanayotaka miwani. Wakipimwa maofisa wa makao makuu, tutakuwa tumejipongeza wenyewe.

Ndugu zangu, nina mapendekezo mawili. Kwanza, kila atakayekwenda nyumbani likizo akae na watu 5, apime programu moja, na matokeo ayapeleke kwa ofisi husika na kwa mbunge wake, bila kuandika majina wala namba za watu. Pili, tuwadai wabunge wetu mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka wananchi wa kawaida waweze kumaliza shughuli bila msaada. Na dirisha la ofisini libaki wazi kwa asiye na simu.

Huduma ambayo mwenyewe hawezi kuifikia bila kumkabidhi mtu baki siri zake, hajapewa bado.

Naomba kutoa hoja.